Kijana wa kidato cha nne aache mpira?

Dada, umeuliza kama umkataze kijana mpira mpaka amalize mtihani. Nakuomba usimkataze. Mwaka 2009 Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima watoto wa miaka 9 hivi: baada ya kutembea dakika 20 tu kwenye mashine, walikuwa makini zaidi na walielewa vizuri walichosoma kuliko siku walipokaa tu. Moyo ukienda mbio, ubongo hupata damu zaidi, na mwili hutoa protini iitwayo BDNF inayosaidia seli za ubongo kuungana. Kumbukumbu hujengwa hapo.

Kinachomharibia ni kurudi usiku akiwa hoi. Jioni acheze kwa muda wa saa moja, aoge, ale, ndipo ashike daftari. Na usingizi asiupunguze, hasa wiki ya mtihani.