Kuharakisha Programu ya Modeli Msimbo Unapokuwa Mkubwa

Mara ya kwanza nilipoiagiza programu ya modeli, yaani ile inayosoma msimbo na kuuchorea mchoro, isome mfumo wenye klasi (vipande vinavyounda msimbo) zinazokaribia 3,000, skrini iliganda kwa zaidi ya nusu saa, nami nikakimbilia kuiongezea kumbukumbu. Hatua hiyo ina maana yake, kwa kuwa zana nyingi za aina hii zimeandikwa kwa Java, ambayo isipoelekezwa vinginevyo kwa kawaida hujiwekea kikomo cha robo ya kumbukumbu ya kompyuta. Katika kompyuta yenye GB 16, kuandika -Xmx8g (yaani kuiruhusu Java kutumia hadi GB 8) kwenye faili la mipangilio kulinisaidia kufungua modeli, lakini mchoro wenyewe ulitoka kama utando, na kila niliposogeza klasi moja programu ilikwama upya.

Niligundua kwamba mzigo mkubwa haukuwa kusoma msimbo, bali kupanga mchoro. Klasi 1,000 zina jozi 499,500 zinazoweza kuunganishwa, na kupunguza mistari inayokatana hadi kiwango cha chini kabisa ni tatizo lisilo na njia ya haraka inayojulikana, hivyo programu hulazimika kukadiria, na makadirio hayo nayo huchukua muda mrefu mistari inapozidi.

Kwa hiyo nakusihi uanze na swali unalotaka mchoro ulijibu, kisha uondoe kila kisichohusika kabla programu haijaanza kusoma: maktaba za nje, majaribio, na hasa msimbo unaozalishwa na mashine, ambao katika mfumo wangu ulikuwa karibu theluthi ya klasi zote. Chora kwanza vifurushi, yaani makundi ya klasi, na utegemezi wake pekee. Ukishaona penye msongamano, chagua kifurushi kimoja pamoja na majirani zake wa moja kwa moja, ukificha sifa na mbinu za klasi, kwa sababu kila mstari wa maandishi hupanua kisanduku na kuvuruga mpangilio. Zima pia upangaji wa kiotomatiki, uuite mwenyewe unapomaliza kuhariri.

Mradi ukae kwenye diski ya kompyuta yako, si kwenye folda ya mtandao.

Anayetumia PlantUML, zana inayochora michoro kutokana na maandishi, atakuta picha kubwa zinakatwa zinapopita pikseli 4,096. Badala ya kuongeza kikomo hicho, mimi hutoa mchoro kwa SVG, aina ya picha isiyotegemea pikseli, na ukiendelea kunielemea, naugawa.