Frimasoni na Mkatoliki

Ndugu, ati Kanisa liliruhusu Frimasoni 1983 juu jina lao liliondolewa, halimo tena kwa sheria mpya ya Kanisa? Hiyo umeisoma nusu. Novemba 26 mwaka huo huo, siku moja tu kabla hiyo sheria ianze kazi, Vatican ikatoa tamko, sahihi ya Kadinali Ratzinger (yule alikuja kuwa Papa Benedict XVI) iko hapo, kwamba Mkatoliki akijiunga yuko kwa dhambi kubwa na hawezi pokea komunyo, na 2023 wakarudia hivyo hivyo. Na sababu si hizi stori za nyoka na damu tunapigiwa kwa matatu za Kondele, Papa Leo XIII 1884 alilalamikia viapo vya siri na vile walitaka ndoa na shule zitoke mikononi mwa Kanisa. Lakini ati mtu akinunua Prado hapa Kisumu tayari ni frimasoni, aki wacheni.