Maswali ya wasomaji: Ulaji wa Mediterania katika jiko la nazi

Swali: Asalaam aleikum. Nimeshauriwa nipunguze uzito kwa ulaji wa Mediterania. Mafuta ya zeituni ni ghali, na kwetu karibu kila chungu kina nazi. Nifanyeje?
*Mama wa nyumbani, Mkomani, Lamu*

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Mtafiti wa Marekani Ancel Keys na wenzake walipoanza kuchunguza ulaji wa nchi saba mwaka 1958, wanavijiji wa Krete, kisiwa cha Ugiriki katika bahari ya Mediterania, walikuwa wakila mboga, jamii ya kunde, nafaka, matunda na mafuta ya zeituni, nyama mara chache. Ukitoa zeituni, vyote hivyo viko sokoni kwenu: pojo, mbaazi, mchicha, mkate wa mofa, na samaki wa kuchagua.

Tofauti iko kwenye mafuta. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda na kupandisha kolesteroli mbaya. Kwenye zeituni ni kama asilimia 14. Nazi usiiache, ipime. Nyama ya nazi moja ya wastani, kama gramu 400, ina kalori zipatazo 1,400. Kwa watu sita, ikune nusu tu. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, iweke kando, pikia tui la pili, kisha chungu kikikaribia kuepuliwa tia vijiko vitatu vya kasimile, ladha itabaki. Wali wa nazi na mchuzi wa nazi visikutane mlo mmoja. Na ile desturi ya kumkaanga changu kwanza ndipo atiwe kwenye tui ndiyo inayoharibu hesabu, maana anaingia chunguni ameshakunywa mafuta. Mchome, au mpike kwa ukwaju na nyanya.

Zeituni kijiko kikubwa kimoja kwa siku, mbichi, juu ya kachumbari au kunde. Bei ikikushinda, alizeti yafaa.

Swali: Natia zeituni kila chakula na kutafuna korosho kama nilivyosoma, lakini uzito unapanda. Kulikoni?
*Msomaji, Barani, Malindi*

Jibu: Umeongeza bila kupunguza. Kijiko kikubwa cha zeituni kina kalori kama 120, sawa na mafuta yoyote mengine. Korosho gramu 30, yaani konzi ndogo tu, zaidi ya 160. Ule utafiti maarufu wa Hispania wa zeituni na njugu ulipima maradhi ya moyo na kiharusi, na washiriki hawakuambiwa wale kidogo. Wa Israeli wa 2008 ndio ulioangalia uzito: waliopewa ulaji wa Mediterania waliwekewa kikomo, kalori 1,500 kwa wanawake na 1,800 kwa wanaume, na baada ya miaka miwili walikuwa wamepungua wastani wa kilo 4.4. Si kilo kumi kwa mwezi, kama zinavyodai video za simu.

Nusu ya sahani iwe mboga, robo samaki au maharagwe, robo wali, yaani kikombe kimoja cha chai cha wali uliokwisha kupikwa. Asubuhi mbaazi zibaki, mahamri yangoje Ijumaa. Kisha tazama chai: vikombe vinne vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni kalori karibu 190, na havishibishi.

Swali: Je, ni lazima kunywa mvinyo kama watu wa Mediterania?

Jibu: La. Hata asiyekatazwa na dini hahitaji kuanza.

Swali: Baba ana presha na sukari. Papa mkavu anaruhusiwa?
*Msomaji, Malindi*

Jibu: Mara mojamoja. Mloweke usiku kucha, ubadilishe maji mara mbili au tatu, na chungu kisitiwe chumvi tena. Siku nyingine apikiwe samaki mbichi. Jambo kubwa zaidi ni dawa: kama anadunga insulini au anameza glibenklamaidi, akipunguza wali ghafla sukari inaweza kushuka mno, aanze kutetemeka na kutoka jasho. Aende kliniki kwanza dozi ipangwe upya, ndipo sahani ibadilishwe.