Mshumaa wa kwanza uachwe uwe mfupi

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza ni pambo gani la Majilio, yale majuma manne ya kuingojea Krismasi, ambalo watu huliweka bila kujua maana yake. Mimi nasema ni lile shada la majani lenye mishumaa minne, unaoongezwa kuwashwa mmoja kila Jumapili. Nimo katika kikundi cha kupamba altare parokiani kwetu Dar es Salaam, na kila mwaka naisikia orodha ile ile: huu wa matumaini, huu wa amani, wa furaha, wa upendo. Wengine watakutajia manabii, Bethlehemu, wachungaji na malaika. Zote nzuri, lakini zimekuja baadaye.

Shada lilianza kama kalenda. Mwaka 1839, mjini Hamburg, Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa akiwalea watoto wa mafukara katika makao yaitwayo Rauhes Haus. Ili wajue Krismasi imebakiza siku ngapi, alichukua duara la mbao akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu ya siku za kazi na minne mikubwa myeupe ya Jumapili. Kila siku ukawashwa mmoja. Matawi yakafuata baadaye. Sisi Wakatoliki tulilipokea karne ya 20 tu, tukatia rangi zetu: mitatu ya zambarau, na mmoja wa waridi kwa Dominika (Jumapili) ya tatu, ile ya Furaha, toba inapolegezwa kidogo.

Basi maana yake ya kwanza ni kungoja huku ukihesabu. Ndiyo maana sipatani na mashada ya umeme yanayowaka taa zote nne tangu Dominika ya kwanza (mengine yanamemeta!). Shada likitumika inavyopasa, kufikia Dominika ya nne mishumaa imekuwa ngazi: wa kwanza umebaki kipande, nta imemwagikia majani, na wa nne ndiyo kwanza unaonja moto. Kuna mwaka mwenzetu aliona haipendezi, akataka tununue mipya ili ilingane. Tulimkatalia.

Majani mabichi nayo ni ishara ya uzima usiokoma, ila kwetu hayasemi kwa nguvu ile ile. Kule Hamburg mwezi Desemba miti mingi imepukutika na saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia. Tawi lililobaki kijani linaonekana. Dar mvua za vuli zimenyesha, hata uzio wa miti wa jirani umechipua. Misa ya saa nne asubuhi mwali wa mshumaa hauuoni kwa jua, na joto likizidi mshumaa wenyewe unainama. Tunatumia matawi ya mvinje, na kabla ya Dominika ya pili yameshanyauka, tunakata mengine.

Pango la kuzaliwa Yesu nalo lina kungoja kwake: hori hukaa tupu hadi mkesha. Watoto wa katekisimu huchungulia kila Dominika, wakauliza Mtoto Yesu yuko wapi. Huwa tunawajibu ukweli: yuko kabatini sakristia, kafungwa gazeti, anatoka tarehe 24 usiku.