Chanjo kapata zote, mbona sikio linatoa usaha?

SWALI: Habari za kazi daktari. Mwanangu ana mwaka na nusu, kadi ya kliniki imejaa, chanjo ya nimonia kachomwa zote tatu, lakini tangu juzi usiku halali analia anajishika sikio, leo asubuhi nakuta usaha kwenye mto. Mama mkwe anasema nitie mafuta ya nazi ya uvuguvugu, jirani anasema chanjo zenyewe hazina maana. Nishike lipi? – Mama Rehema, Tanga

JIBU: Pole sana Mama Rehema, na mtoto mpe pole. Mafuta usitie, wala maziwa ya titi, ngoma ya sikio imeshatoboka hapo.

Na chanjo haijakudanganya. Sindano zile za wiki ya 6, 10 na 14 zinapambana na bakteria anaitwa nyumokokasi, sasa huyu ana aina zaidi ya 90 na chanjo tuliyoanza nayo Tanzania mwaka 2013 imebeba aina 13, zile zinazoongoza kuua watoto kwa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Zilizobaki bado zinaishi puani kwa watoto wetu, mafua yakija zinapanda sikioni kwa ule mrija wa kutoka kooni ambao kwa mtoto ni mfupi na umelala. Marekani walianza na chanjo ya aina 7 mwaka 2000, hizo 7 zikapungua kwelikweli ila nyingine inaitwa 19A ikashika nafasi, ikabidi nayo iingizwe kwenye chanjo ya aina 13.

Halafu kuna bakteria mwingine, hemofilasi. Utasema mbona yumo kwenye pentavalenti, ile chanjo moja ya magonjwa matano, yumo ndio, ila ni aina b tu, yenye ganda, na chanjo inafundisha mwili kulijua ganda. Anayesumbua masikio mara nyingi hana ganda, kwahiyo anapita. Wa tatu ni moraksela, huyo hana chanjo kabisa.

Kwahiyo jirani mwambie ile sindano imemkinga mtoto na magonjwa mabaya kuliko sikio, mimi hapo sibishani na mtu.

Leo hii mpeleke kituoni, mara nyingi wanaandika amoksilini kwa uzito wake, usimpe ya kaka yake iliyobaki, na ukipewa maliza dozi hata akichangamka. Sikio likaushe: chukua kitambaa safi cha pamba, kisokote kiwe kama utambi, kiingize taratibu kikilowa toa weka kingine mpaka kitoke kikavu, mara tatu kwa siku. Njiti za masikio hapana.

Usaha ukipita wiki 2 rudi, hapo bakteria wanakuwa wengine, kina pseudomonasi, amoksilini haiwawezi, anahitaji dawa ya matone. Ukiona uvimbe nyuma ya sikio au shingo imekakamaa, usisubiri kukuche.