Namba Ikishavuja: Maswali Yenu Kuhusu Mikopo, NIDA na Laini za Simu

Toleo lililopita tuligusia Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za wakopaji, ambayo mwaka 2017 iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Barua zilizokuja baada ya hapo chache zinauliza ya Marekani. Nyingi zinauliza ya hapa Dar.

Mbona Wamarekani walikasirika kiasi kile? Kampuni zinaibiwa taarifa kila mwaka. — Msomaji, Sinza

Kwa sababu wengi wao hawakuwahi kuwa wateja wa Equifax. Ukikopa gari au ukichukua kadi ya benki kule, mkopeshaji ndiye anayepeleka taarifa zako. Wewe huulizwi, na ukichukia huna pa kuhamia. Halafu angalia kilichoibwa: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii. Hiyo namba ya mwisho ndiyo inayofungulia mkopo, na kwa kawaida mtu hukaa nayo maisha yake yote.

Lakini kilichowasha moto zaidi ni namna kampuni ilivyojibu. Iligundua wizi tarehe 29 Julai, ikatangaza 7 Septemba. Tovuti iliyofunguliwa ili watu wajue kama wameguswa iliwapa baadhi yao majibu yanayopingana. Huduma ya bure ya ulinzi ilikuja na kipengele kilichomzuia mtu kwenda mahakamani, kikaondolewa baada ya kelele. Namba ya siri ya kufungia taarifa, yaani kuzuia wakopeshaji wasizione ili tapeli asikope kwa jina lako, ilikuwa ni tarehe na saa uliyojaza ombi, yaani tapeli mwenye subira angeibahatisha. Na akaunti ya kampuni kwenye Twitter iliwaelekeza watu kwenye tovuti ya kuigiza, iliyotengenezwa na mtaalamu mmoja aliyetaka kuonyesha tovuti halisi ilivyo rahisi kughushiwa. Mkurugenzi mkuu, Richard Smith, aliondoka 26 Septemba.

Fidia ya mwaka 2019, iliyotangazwa kuwa hadi dola milioni 700, iliwachosha wengi. Aliyetaka fedha taslimu badala ya huduma ya kufuatilia mikopo aliahidiwa dola 125, ila fungu hilo lilikuwa na dola milioni 31 tu. Gawanya: zinatosha watu 248,000. Walioomba walikuwa mamilioni. Kwa maoni yetu, faida ya kweli ya zile hasira haikuwa fedha. Ilikuwa sheria: tangu 21 Septemba 2018 kufungia taarifa zako za mikopo ni bure Marekani nzima, wakati zamani majimbo mengi yaliruhusu utozwe.

Nilisoma na kufanya kazi Houston hadi 2016, sasa nimerudi Tegeta. Bado nahusika? — Msomaji, Tegeta

Unahusika, maana namba yako ya hifadhi ya jamii bado inaishi hata kama wewe hupo. Dirisha la kudai fidia limeshafungwa. Kilichobaki ni kufungia taarifa, na ni lazima ufanye hivyo kwenye kampuni zote tatu kubwa za kumbukumbu za wakopaji, Equifax, Experian na TransUnion, kila moja peke yake. Ombi la mtandaoni au la simu linatakiwa kutekelezwa ndani ya siku moja ya kazi. La barua, siku 3 za kazi tangu lipokelewe. Ukija kutaka mkopo tena, kufungua hakuzidi saa moja kwa njia ya mtandao. Tunza vizuri nywila za akaunti hizo.

Nilimpa dalali namba ya NIDA na kopi ya kitambulisho changu kwa ajili ya chumba. Sasa hapatikani. Naweza kubadilishiwa namba? — Mama wa watoto watatu, Mbagala

Namba ya NIDA haibadilishwi kama nywila, mama. Hesabu kwamba imeshatoka, kisha shughulikia kila mahali inapotumika.

Anza na laini. Piga *106# na ufuate menyu: utaona jina lililosajili laini unayotumia, pamoja na laini nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiwa na laini za mitandao tofauti, rudia kwenye kila moja. Ukikuta namba usiyoijua usiipigie; utamwamsha aliyelala. Nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika, si kwa wakala wa mwavuli, weka kidole, ukane laini hiyo na uombe iondolewe. Kabla hujatoka dukani piga *106# tena uhakikishe imetoka.

Namba peke yake haitoshi kusajili laini, kwa kuwa usajili unadai alama ya kidole. Laini za ziada hupatikana zaidi pale wakala anapokwambia "kidole hakijasoma, weka tena". Mara nyingine ni kweli hakijasoma, hasa kama mikono ina vumbi au jasho. Mara nyingine kilisoma mara ya kwanza, na cha pili ni cha laini atakayouza. Kwa hiyo kila unapotoka kusajili au kurudisha laini, hakiki siku hiyohiyo.

Sasa namba ya siri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kama namba yako ya siri ya pesa ni mwaka wako wa kuzaliwa, basi kila uliyempa kopi ya kitambulisho umempa na hiyo. Badilisha leo: M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#. Mwaka wa kuzaliwa mtoto nao usiuweke.

Weka pia namba ya siri ya laini yenyewe, kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Kibaka akikupora simu pale Mbagala Rangi Tatu, kufuli la kioo halimhangaishi. Anachomoa laini, anaiweka kwenye kitochi, na SMS za kuthibitisha zinamfikia yeye. Laini yenye namba ya siri haitafunguka. Angalizo: ukikosea mara 3 laini inadai namba ya PUK, na ukikosea PUK mara 10 imekufa. PUK imeandikwa kwenye kile kipande cha plastiki kilichokuja na laini, kwa hiyo usikitupe.

Na siku simu ikikosa mtandao ghafla huku jirani mwenye mtandao huohuo anapiga kama kawaida, usisubiri; huenda tapeli amehamishia namba yako kwenye laini yake. Azima simu ya mtandao huo, piga 100, omba wafunge laini na akaunti ya pesa, kisha ijulishe benki, kisha nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha. Mpangilio huo una maana yake: foleni ya kituoni ni ndefu, na pesa hutoka kwa dakika. Zile SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii" ni jambo jepesi zaidi. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040 na ufute.

Stesheneri wanachapa kitambulisho changu kutoka WhatsApp. Kuna hatari? — Mwanafunzi, Ubungo

Ipo, na karibu kila mtu anaipuuza. Faili ulilotuma linabaki sehemu tatu: kwenye mazungumzo ya WhatsApp ya duka, kwenye folda ya vilivyopakuliwa ya kompyuta yao, na wakilifuta, kwenye pipa la taka la kompyuta hiyohiyo. Kwa hiyo baada ya kuchapa, bonyeza "futa kwa wote" kwenye simu yako ukiwa bado umesimama hapo, maana muda wa kufanya hivyo una kikomo, kisha mwombe muhusika afute faili na amwage pipa ukiona kwa macho. Wengi hawakatai.

Kwenye kopi yenyewe, andika kwa kalamu juu ya picha, si pembeni: "Kwa ajili ya maombi ya chuo fulani tu", na tarehe. Maandishi ya pembeni hukatwa kwa mkasi.

Benki imeninyima mkopo, inasema nina deni la simu ambalo sikukopa. — Fundi cherehani, Tabata

Usianze kwa kugombana na ofisa mikopo. Yeye anasoma tu ripoti. Wakopeshaji hupeleka taarifa kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni zenye leseni, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, huzitoa humo na kutengeneza ripoti. Kosa hurekebishwa na aliyelipeleka. Ndiyo maana kulalamika kwenye kampuni ya ripoti peke yake huzunguka mno.

Omba ripoti yako kwanza. Soma mambo manne: jina la mkopeshaji, tarehe mkopo ulipochukuliwa, kiasi, na namba ya simu iliyotumika. Linganisha namba hiyo na zilizotokea kwenye *106#. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkopeshaji, nakala kwa kampuni ya ripoti: majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya mkopo, kwa nini si wako, na unachotaka, yaani taarifa ifutwe na uletewe uthibitisho kwa maandishi. Ambatisha ripoti na RB. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, ukipeleka malalamiko Benki Kuu utaulizwa umeshalalamika wapi, na utakosa cha kuonyesha.

Jambo moja: usilipe deni lisilo lako "ili yaishe". Ukilipa umelikubali.

Nilikopa 50,000 kwenye programu ya simu. Nilichelewa, wakawatumia SMS ndugu na bosi wangu. Nikifuta programu wataacha? — Msomaji, Gongo la Mboto

Hawataacha. Majina yalinakiliwa siku ile ulipobonyeza "ruhusu". Kuifuta programu sasa ni kumtoa nje mgeni aliyekwisha kunakili daftari lako. Hata hivyo ondoa ruhusa za majina, SMS na picha kwenye mipangilio, ndipo uifute.

Kabla ya kufuta, piga picha za skrini: mkataba, kiasi ulichopokea, wanachodai, na zile SMS walizopokea ndugu zako. Kisha angalia orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni. Novemba 2024 ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Deni la mkopeshaji halali lilipe, na udai uthibitisho. Suala la kukuaibisha ni jingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inadai taarifa zitumike kwa lengo lililotajwa, na bosi wako hakukopa. Malalamiko hayo ni ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Bosi na ndugu zako nao wanaweza kulalamika kwa majina yao.

SACCOS yetu ina wanachama 400. Equifax inatuhusu nini? — Katibu, Kurasini

Wezi waliingia kupitia Apache Struts, programu inayotumika kujengea tovuti, ambayo marekebisho yake yalitolewa 7 Machi 2017. Wafanyakazi walipewa agizo la kurekebisha, ila hakuna aliyehakikisha kila kompyuta imeguswa. Wezi wakakaa ndani siku 76. Kifaa cha kukagua mawasiliano kilikuwa kipofu kwa sababu cheti chake cha kidijitali, kinachokiwezesha kusoma mawasiliano yaliyofichwa, kiliisha muda na hakikuhuishwa. Siku kilipohuishwa wizi ukaonekana. Tena ndani walikuta faili la nywila lisilofichwa.

Kwenu, basi: karatasi moja yenye orodha ya kila kompyuta, jina la anayeihuisha, na tarehe ya mwisho aliyofanya hivyo. Nywila zisikae kwenye Excel ya mezani. Flashi ya mhasibu isitoke ofisini. Orodha ya wadaiwa sugu iondoeni kwenye grupu la WhatsApp leo, kwa kuwa hapo mmeshavujisha wenyewe bila mwizi. Na kama hamjajisajili Tume kama wakusanyaji wa taarifa, fungueni maombi wiki hii.