Bagamoyo ilipitwaje na Dar es Salaam?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimezaliwa Bagamoyo. Marehemu babu alikuwa akisema kwamba sisi tulipokuwa na majumba ya mawe, Dar es Salaam ilikuwa Mzizima tu, kijiji cha wavuvi. Tulipitwaje? Halafu, nani huamua kwamba hapa ni mji mdogo na pale ni jiji?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu hakukudanganya. Teremka pwani maji yakiwa yamekupwa, uone mashua zilivyolala ubavu mchangani. Ufukwe huo ndio uliowapa mji, na ndio uliowanyang'anya. Jahazi halina tatizo na mchanga: linaingia maji yakijaa, linakaa, linapakuliwa, linaondoka na maji mengine. Unguja nayo iko ng'ambo tu. Basi misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka Tabora na Ujiji ikawa inaishia kwenu. Zilipokuja meli kubwa za moshi, zikalazimika kutia nanga mbali.

Dar ina mlango mwembamba, lakini ukishaingia ndani ni maji marefu yaliyotulia. Sultani Majid wa Zanzibar aliliona hilo akaanza kujenga miaka ya 1860. Alipofariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash akaupa mji kisogo, majengo yakaachwa yaporomoke. Kwa hiyo usimsikilize anayesema bandari nzuri hujenga mji yenyewe! Ile ilikaa pale pale ikisubiri mwenye haja nayo. Wajerumani wakahamishia makao yao makuu huko mwaka 1891, wakaanza reli mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliokuwa unabebwa na mpagazi hadi Bagamoyo ukapanda behewa kwenda Dar.

Kuhusu vyeo, serikali ndiyo inayotangaza: mamlaka ya mji mdogo, mji, manispaa, jiji. Dodoma ilitangazwa jiji mwaka 2018. Mimi, kwa uzoefu wa mwalimu mstaafu, ninacho kipimo changu. Darasani nilikuwa nawauliza wanafunzi: kwenu chumvi mnanunua wapi? Wote walitaja duka la jirani. Bati je? Hapo walitaja mji wenye barabara. Na mgonjwa aliyeshindikana? Hospitali ya Muhimbili, Dar. Mjerumani Walter Christaller aliandika jambo hilo hilo mwaka 1933, akichunguza miji ya kusini mwa Ujerumani: kitu kinachohitajiwa kila siku huuzwa kila mahali, kinachohitajiwa kwa nadra watu hukifuata mbali, na mahali kinapopatikana ndipo pakubwa.

Sasa itazame Chalinze. Haina bahari wala boma la Mjerumani. Ni pale tu barabara ya Tanga na Arusha inapoachana na ya Morogoro. Mabasi yakasimama, mishkaki ikafuata, kisha nyumba za wageni na maduka ya vipuri. Leo ina halmashauri yake, iliyomegwa kutoka kwenu Bagamoyo.